Gari la familia: jipya la dukani au lililotumika lenye cheti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa familia ya Tanzania inayotafuta gari moja la kufanya kila kitu: watoto shuleni, baba na mama kazini, mchele na viazi kutoka kijijini, na safari ndefu ya Moshi au Mbeya mwezi Desemba. Mazungumzo yameegemea soko la Dar es Salaam, ambako magari mengi ya familia yameanza maisha yao Japani. Viwango vya kodi vilivyotajwa vinaweza kubadilika bajeti mpya inapopita, kwa hiyo kabla ya kutuma pesa popote, ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA na usome jibu la siku hiyo.

Wagoni ni gari gani hasa hapa kwetu?

Ni gari la chini lenye buti refu lililoungana na sehemu ya abiria, ambalo ukilaza viti vya nyuma unapata nafasi ya kulaza hata godoro. Toyota Corolla Fielder ndiyo inayojulikana zaidi. Wapo pia Honda Shuttle, Nissan Wingroad, Subaru Levorg na Outback, Mazda Atenza, na Probox na Succeed, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya kazi lakini familia nyingi zimezipokea kwa uvumilivu wake. Kwenye kadi ya gari unaweza kukuta magari marefu kama Prado yameandikwa kwa jina hilohilo; hayo hatuyazungumzii hapa.

Muuzaji anasema gari "lina cheti". Cheti gani?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mnunuzi aliulize kabla ya kuuliza bei, kwa sababu karatasi zinazoitwa cheti ni za aina nyingi na kila moja inathibitisha jambo tofauti.

Kuna karatasi ya mnada wa Japani. Hii imeandikwa na mkaguzi wa mnada, mtu asiye na faida yoyote ukilinunua au usilinunue gari, na inaeleza hali ya gari siku lilipopita mnadani. Kuna cheti cha ukaguzi wa magari yanayosafirishwa nje, kinachotolewa na kampuni kama JEVIC. Kinaangalia usalama wa kutembea barabarani na, ukikilipia, kinahakiki kilomita. Kuna matakwa ya TBS, ambayo yanahakikisha gari linafaa kuingia barabarani nchini. Mtu akikuambia "limepita TBS" amekuambia kweli kwamba breki, taa na usukani vilikubalika, lakini hajakuambia kama gia itadumu miaka mitatu.

Na kuna cheti cha muuzaji mwenyewe: duka au wakala wa kiwanda analikagua gari lililotumika, analirekebisha, kisha analiuza na dhamana iliyoandikwa. Toyota ina mpango wa namna hii unaoitwa Automark, ambao upo Kenya na Afrika Kusini. Hiki ndicho cheti pekee kati ya vyote ambacho baada ya miezi mitatu gia ikianza kuteleza, unaweza kurudi nacho kwa mtu na akalazimika kufanya kitu.

Kwa hiyo usitosheke na kuona muhuri. Uliza: gari likiharibika, nani atalipa, kwa muda gani, na sehemu zipi? Kama jibu halimo kwenye maandishi, ulichonacho ni taarifa ya ukaguzi. Taarifa nzuri ina thamani yake, lakini bei yako isiwe ya gari lenye dhamana.

Jipya linanipa nini ambacho lililotumika haliwezi?

Historia tupu. Hakuna aliyelicheleweshea mafuta ya injini, hakuna aliyeligonga akalinyoosha. Linakuja na dhamana ya kiwanda, mara nyingi miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia, na limeandaliwa kwa masoko kama yetu: joto, mafuta yetu, kitabu cha Kiingereza, redio inayoshika stesheni zetu. Gari la Japani halikutengenezwa kwa ajili yako. Redio yake inaanzia 76 MHz na mara nyingi haifiki juu ziliko stesheni nyingi za Dar, skrini inazungumza Kijapani, na tumbo lake liko chini kwa matuta ya mitaani.

Lakini isome dhamana hiyo kabla ya kuisifu. Matairi, padi za breki na bushi zilizokufa kwa barabara mbovu huwa hazimo. Nayo hudumu tu ukilifanyia gari matengenezo kwa wakala kwa ratiba yake. Familia inayoishi Sumbawanga au Kigoma ijiulize kwa uaminifu ni mara ngapi itaweza kumfikia wakala.

Jambo jingine: chaguo la wagoni jipya limepungua sana. Mawakala huuza zaidi magari ya juu, pikapu, na magari ya viti saba yatokayo India kama Suzuki Ertiga na ndugu yake Toyota Rumion. Ukitaka jipya, huenda ukaishia kununua umbo jingine kabisa.

Kodi inabadilishaje hesabu?

Inaibadilisha kuliko wengi wanavyodhani, na hapa ndipo familia huumia. Chukua gari la petroli lenye injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, ambalo thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam ni shilingi 10,000,000.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 hupigwa juu ya jumla ya hayo mawili: 625,000. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya kila kitu: 2,362,500. Jumla 5,487,500, bila tozo ndogondogo na gharama za usajili.

Sasa gari hilohilo, kwa thamani hiyohiyo, likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10: unaongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na kwa kuwa VAT nayo inapigwa juu yake, jumla inafika 7,700,000. Likizidi miaka 10, uchakavu unakuwa asilimia 30 na jumla ni 9,912,500. Karibu bei ya gari lenyewe.

Ndiyo maana gari la miaka 11 linaloonekana rahisi kwenye tovuti ya Japani linaweza kufika nyumbani likikaribia bei ya lile la miaka 7. Linganisha bei ya getini kwako, siyo bei ya Yokohama. Na kumbuka mambo mawili: TRA ina mfumo wake wa thamani za magari na haifungwi na risiti uliyoandikiwa na muuzaji, na umri unahesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa. Gari lililotengenezwa mwishoni mwa mwaka mmoja na kusajiliwa Japani mwaka uliofuata limewaingiza wengi kwenye kundi la kodi wasilolitarajia.

Karatasi ya mnada nitaisomaje na sijui Kijapani?

Huhitaji Kijapani kingi. Angalia kwanza alama kubwa ya jumla, kwa kawaida kwenye kona ya juu. S, 6 na 5 ni magari karibu mapya. 4.5 na 4 ni mazuri sana kwa familia. 3.5 lina mikwaruzo na mibonyeo ya matumizi, na kama injini ni nzima linaweza kuwa nunuzi la busara. Ukiona R au RA, gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali iliyogusa mifupa ya bodi. RA ni ajali ndogo zaidi, lakini mimi kwa gari la watoto naachana nazo zote mbili. Herufi ya pembeni, A hadi D, ni hali ya ndani.

Kisha kuna mchoro wa gari uliotandazwa, wenye alama ndogo. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa: A1 huioni kwa mbali, U3 utaiona kutoka ng'ambo ya barabara. Mlango wenye XX haupaswi kukutisha, ila XX kadhaa upande mmoja zinakusimulia habari ya ajali.

Mwaka huandikwa kwa kalenda ya Kijapani. H27 ni 2015, H30 ni 2018, R1 ni 2019, R2 ni 2020. Huo ni mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza.

Karatasi hizi hughushiwa, hasa kwenye alama na kilomita. Ziko huduma za kutafuta rekodi ya mnada kwa namba ya chesisi. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara. Muuzaji akikataa kukupa namba kamili ya chesisi kabla ya malipo, tafuta muuzaji mwingine.

Kwa nini Wajapani wanauza magari mazima hivyo?

Sababu kubwa ni ukaguzi wao wa lazima, shaken. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake pamoja na kodi na bima za lazima humfanya mwenye gari aone heri kubadilisha. Ndiyo maana magari mengi hupelekwa mnadani umri unapokaribia miaka 5 au 7. Ukaguzi huo una faida nyingine kwako: kilomita huandikwa kwenye hati yake, hivyo udanganyifu wa odomita unaweza kugunduliwa.

Nimeliona yadini, namba E, linang'aa. Ninunue leo?

Namba E inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikuambii lilitengenezwa lini. Gari la 2008 lililoingia juzi litabeba namba E, na dalali atalitaja kama "jipya kabisa". Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi.

Faida ya yadi ni kwamba unaliona, unaliendesha, na kodi imeshalipwa. Itumie faida hiyo hadi mwisho. Njoo asubuhi kabla injini haijawashwa, uisikie ikiwaka baridi. Njoo na fundi wako, asiwe wa kuletewa na dalali, na apime kwa kompyuta ili kuona kama kuna makosa yaliyofutwa karibuni. Inua zulia la buti uangalie kama chuma cha chini kimechomelewa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho: tope au doa la maji huko ni dalili ya gari lililozama kwenye mafuriko, na gari la namna hiyo nyaya zake zitakusumbua miaka yote. Soma tarakimu nne kwenye tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zilizozeeka ni sababu halali ya kupunguziwa bei.

Halafu omba karatasi ya mnada. Gari lililoingia karibuni bila karatasi yake, mwenye yadi anayo sababu.

Na gari la mkononi, la mtu ninayemfahamu?

Huenda likawa bora kuliko yote, kama mwenyewe ametunza risiti za gereji. Gari lililokaa miaka 4 Dar kwa mtu mwangalifu nimeliona likishinda gari lililoshuka melini wiki iliyopita, maana kasoro zake zinajulikana. Angalia kwenye mfumo wa polisi kama linadaiwa faini, na hakikisha kadi haijawekwa rehani kwa mkopo.

Tuko saba nyumbani. Wish bado inafaa?

Toyota Wish ni gari jema, lakini uzalishaji wake ulikoma 2017, hivyo unayemkuta leo ni mzee na ushuru wa uchakavu unamhusu. Tazama pia Sienta ya kizazi cha kuanzia 2015: viti saba, injini ya 1.5, na milango ya kuteleza ambayo mama mwenye mtoto mgongoni ataishukuru kwenye maegesho ya sokoni. Kwa magari yote haya, watu saba wakikaa, buti haipo. Safari ya Desemba na mizigo itahitaji keria ya juu, na mizigo hiyo iwe myepesi.

Haibridi inaokoa mafuta kweli? Betri je?

Inaokoa, hasa kwenye foleni za Mwenge na Tazara, kwa sababu lina mota ya umeme pamoja na injini ya petroli, na gari likisimama injini inazima. Fielder ya haibridi ilianza 2013. Betri yake kubwa imekaa chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Njia hiyo ikiziba vumbi au ikizibwa na mifuko ya sokoni, betri hupata joto na kufa mapema. Kabla ya kununua, fundi mwenye kifaa sahihi asome hali ya kila kundi la seli. Bila kipimo hicho unanunua kwa kubahatisha. Kama unaishi mahali ambapo hakuna fundi wa haibridi, chukua ya petroli ya kawaida.

Gia za CVT zinasifiwa vibaya. Ni kweli?

CVT ni gia otomatiki inayobadilika bila hatua. Zikihudumiwa, hudumu. Zinazokufa haraka, mara nyingi zimemwagiwa mafuta ya gia ya otomatiki ya kawaida badala ya mafuta yake. Nunua mafuta sahihi mwenyewe, umpelekee fundi, na usimame pale anapoyaweka.

Usalama wa watoto: lililotumika linaweza kulingana na jipya?

Linaweza, ukichagua mwaka kwa makini. Magari mengi ya Japani ya kuanzia 2012 yana ndoano za ISOFIX za kufungia kiti cha mtoto. Ingiza vidole kati ya mgongo na kikalio cha kiti uzitafute. Fielder za kuanzia 2015 zilianza kupata mfumo wa Toyota wa kuonya na kufunga breki kabla ya kugonga, ingawa si kila moja inao.

Naomba suala la mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyoitengeneza, lichukuliwe kwa uzito. Mifuko hiyo iliitwa kurudishwa kiwandani kwa makumi ya mamilioni duniani, kwa sababu kemikali inayoijaza huharibika na mfuko unaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Joto na unyevunyevu wa muda mrefu ndivyo vinavyoiharibu zaidi, na hiyo ndiyo hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mtwara mwaka mzima. Wish na Fielder za miaka ya 2000 zilikuwamo. Peleka namba ya chesisi kwa wakala wa chapa hiyo, au iingize kwenye tovuti ya kiwanda ya Japani, uone kama kazi ilifanyika. Ukikuta taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi haiwaki hata sekunde moja unapofungua switchi, kuna mtu ameing'oa, na unapaswa kujiuliza alikuwa anaficha nini.

Benki iko tayari kunikopesha kwa jipya. Si afadhali?

Gari jipya hupoteza thamani kubwa zaidi miaka ya mwanzo, na hiyo ndiyo miaka ambayo mkopo bado ni mzito. Ukilazimika kuliuza katikati, pesa ya mauzo huenda isifute deni. Ongeza bima kubwa, ambayo benki itaidai kwa miaka yote ya mkopo na ambayo hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kama marejesho yatakula ada ya shule, jibu langu ni hapana.

Kumtumia pesa mtu wa Japani ambaye sijawahi kumwona, ni salama?

Kwa kampuni halali, ndiyo; wengi wamefanya hivyo miaka mingi. Tafuta kama ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa nje wa magari yaliyotumika Japani. Jina la akaunti ya benki lifanane herufi kwa herufi na jina la kampuni. Akaunti ya mtu binafsi, au barua pepe ya dakika ya mwisho inayosema akaunti imebadilika, iwe mwisho wa mazungumzo. Hati za meli zifike mapema, na wakala wako wa forodha aanze kazi kabla meli haijatia nanga, kwa sababu siku za ziada bandarini hulipiwa.

Basi wewe ungeshauri lipi?

Kwa familia nyingi: wagoni la Japani la miaka 5 hadi 7, alama 4 au zaidi, karatasi ya mnada iliyohakikiwa, na fungu la pesa lililotengwa kando kabla ya kununua. Fungu hilo ni la mafuta yote kubadilishwa, matairi, betri ndogo, padi na bushi katika miezi ya kwanza. Asiye na fungu hilo achague gari la bei ya chini zaidi, badala ya kumaliza pesa zote kwenye manunuzi.

Kwa anayeishi karibu na wakala, anayelipa taslimu, na anayenuia kukaa na gari miaka 10 au zaidi, jipya ni uamuzi mzuri na simkatazi. Vivyo hivyo kwa mtu asiye na fundi wa kumwamini wala muda wa kufuatilia. Dhamana kwake ni kitu cha maana.

Lililotumika lenye dhamana ya maandishi ya muuzaji wa hapa linakaa katikati. Nyongeza ya bei inastahili pale tu dhamana inapotaja injini na gia kwa majina, na muuzaji ana gereji yake mwenyewe.

Nikinunua la mkononi, kubadilisha jina kunaweza kusubiri?

Kusisubiri. Mkataba wa mauziano ushuhudiwe na wakili, nakala za vitambulisho na namba za mlipakodi za pande zote mbili ziambatishwe, na maombi yapelekwe TRA mara moja. Mpaka kadi isome jina lako, faini na madai ya ajali vitamfuata mwenye jina la zamani, na wewe hutaweza kudai bima kwa amani. Lipa sehemu ya mwisho ya pesa siku muuzaji anaposaini fomu za uhamisho, usilipe kabla.